Macho makavu saa 9 usiku: uchambuzi wa kisa cha kukosa usingizi kulikoficha kukatika kwa pumzi

Usuli

Mgonjwa ni mama wa miaka hamsini na kidogo, mhasibu, ambaye hapa tutamwita Bi. Z. Jina na mambo yote yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Aliletwa kwenye kliniki ya magonjwa ya usingizi akiwa na barua fupi: anakosa usingizi kwa miaka minne, dawa hazimsaidii, tunaomba mwangalieni.

Maelezo yake mwenyewe yalikuwa marefu kuliko barua. Kupata usingizi mwanzoni mwa usiku hakumsumbui sana. Akimeza kidonge, nusu saa haiishi ameshalala. Tabu inaanza saa 9 usiku. "Naamka kama mtu aliyeitwa jina, daktari. Moyo unadunda, mdomo umekauka, na kuanzia hapo ni macho makavu mpaka kunakucha." Huamka kwenda haja ndogo mara tatu kwa usiku. Asubuhi kichwa kinamuuma. Kazini anakosea hesabu alizozizoea miaka mingi, lakini hasinzii. Kwenye dodoso la Epworth, linalopima usingizi wa mchana, alipata 7 kati ya 24. Kinachotutia wasiwasi ni zaidi ya 10. Kwenye dodoso la ukali wa kukosa usingizi, ambalo upeo wake ni 28, alipata 22, na kuanzia hapo tatizo huhesabiwa kuwa kali.

Dawa alizokuwa akitumia zilikuwa nyingi. Tatu za shinikizo la damu, mojawapo ya kuongeza mkojo, na bado tulimpima 152/94. Kidonge cha usingizi cha kundi la benzodiazepini, kila usiku, kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo alijaribishiwa dawa mbili za sonona kwa hoja kwamba kuamka alfajiri ni dalili ya sonona, akaziacha kwa kuwa hazikumbadilishia kitu. Pia alishauriwa alale mapema ili afidie usingizi anaoupoteza. Alitii: saa 3 usiku yuko kitandani, saa 12 asubuhi anatoka.

Kipimo cha nyumbani na hesabu yake

Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshapimwa akiwa nyumbani. Kifaa hicho mgonjwa hujivalisha mwenyewe: mrija mwembamba puani wa kusoma hewa, mkanda kifuani, na kibano kidoleni cha kupima oksijeni. Kilirekodi kwa saa 8 na dakika 10, kikahesabu mara 93 ambapo pumzi ilikatika au ilipungua sana, yaani kama mara 11 kwa saa. Kwa viwango vinavyotumika, chini ya 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 5 mpaka chini ya 15 ni apnea (kukatika kwa pumzi usingizini) hafifu, kuanzia 15 mpaka chini ya 30 ni ya wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Ripoti iliandikwa kuwa apnea ni hafifu na haielezi malalamiko ya mgonjwa. Akarudishwa kwenye vidonge.

Hesabu hiyo ilistahili kutiliwa shaka. Kifaa cha nyumbani cha aina ile hakisomi mawimbi ya ubongo, kwa hiyo hakiwezi kujua mtu amelala muda gani na amekesha muda gani. Kinagawanya matukio kwa muda wote kilipokuwa kimewashwa. Mgonjwa anayelala usiku kucha hadhuriki sana na hilo. Mgonjwa anayekesha nusu ya usiku anadhurika mno, kwa sababu apnea hutokea usingizini tu, na zile saa za kukesha zinaingia kwenye mgawanyo na kulishusha jibu. Tulimuuliza usiku ule alilala kiasi gani. Akasema labda saa 4 na nusu. Mara 93 kwa saa 4 na nusu ni zaidi ya 20 kwa saa.

Hayo yalikuwa makadirio tu, na makadirio ya mgonjwa asiyelala vizuri hupotoka kirahisi. Lakini yalitosha kutuzuia tusiifunge habari ya pumzi.

Binti

Alipoulizwa kama anakoroma, Bi. Z alikataa bila kusita. Mumewe alihamia chumba kingine miaka miwili nyuma, amechoshwa na taa inayowashwa na kuzimwa kila mama anapoinuka. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsikia. Tukamwomba ziara inayofuata aje na yeyote aliyewahi kulala naye chumba kimoja hivi karibuni. Akaja na binti yake.

Binti aliamkia, akamtazama mama yake kwanza, ndipo akasema: "Tulipolala chumba kimoja safarini, mama alikuwa anakoroma kwa nguvu, halafu kimya. Kimya kirefu. Nikawa nahesabu. Nilipofika thelathini nikamtikisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, mama."

Dodoso la STOP-Bang lina maswali 8 kuhusu hatari ya apnea. Ziara ya kwanza Bi. Z alikuwa na alama 3: uchovu, shinikizo la damu, na umri uliopita miaka 50. Maneno ya binti yake yaliongeza mbili, kukoroma na kuonekana akikatika pumzi, zikawa 5, yaani kutoka hatari ya kati hadi hatari kubwa. Mwili wake ulikuwa ni uleule.

Damu ilipimwa: tezi ya thairoidi haikuwa na shida, akiba ya chuma haikuwa pungufu, na hakuwa na maelezo ya miguu inayomhangaisha jioni. Wiki mbili za shajara ya usingizi zilionyesha anakaa kitandani kwa muda wa saa 9 na kulala muda wa kama saa 5.

Usiku wa kipimo kamili

Tuliamua apimwe usiku mzima maabara, kwa kipimo kinachosoma ubongo, macho, misuli ya kidevu na miguu, moyo, hewa ya puani, kifua, tumbo na oksijeni kwa pamoja. Palizuka swali kuhusu kidonge: apimwe nacho au asimamishwe kwanza? Tuliamua apimwe nacho. Benzodiazepini iliyotumiwa miaka mitatu haikatwi ghafla. Mwili hulipiza kwa kukesha kupita ilivyokuwa awali, na kwa wengine hata kwa degedege. Isitoshe, tulitaka kuona usiku anaoulala kweli.

Mashine ilirekodi dakika 460, akalala 270, sawa na asilimia 59 ya muda huo. Pumzi ilikatika au kupungua mara 117. Kugawa kwa saa 4 na nusu alizolala ni mara 26 kwa saa: apnea ya wastani inayokaribia kali, ya aina ya kuziba kwa koo, maana kifua na tumbo viliendelea kujitahidi wakati hewa haipiti.

Wastani huo nao ulificha kitu. Katika usingizi wa ndoto, uitwao REM, Bi. Z alitumia dakika 36 tu, na ndani yake pumzi ilikatika mara 33, sawa na 55 kwa saa. Hili lina sababu. Wakati wa REM misuli ya mwili hulegea, ikiwemo inayoishikilia njia ya hewa kooni isijifunge. Na REM haigawanyiki sawasawa usiku: vipindi vyake huwa vifupi mwanzoni na hurefuka kuelekea alfajiri. Mtu ambaye koo lake hufunga zaidi wakati wa REM atapata taabu kubwa nusu ya pili ya usiku, saa zilezile ambazo Bi. Z alisema anaamka kama aliyeitwa.

Mtaalamu wa vipimo alitufungulia ukurasa wa saa 9 na dakika 5 usiku. Mstari wa hewa umelala. Mstari wa kifua na ule wa tumbo inapishana, kimoja kinapanda kingine kinashuka, ishara ya mtu anayevuta hewa dhidi ya mlango uliofungwa. Sekunde 41 hivyo. Oksijeni inatoka asilimia 93 inafika 78. Kisha mkoromo mmoja mkubwa, mawimbi ya ubongo yanachachamaa, moyo unaruka kutoka mapigo 64 hadi 98. Ameamka. Kwenye video anaonekana akikaa kitandani, anashika kifua, anageuka kutafuta saa ukutani. Hakulala tena kwa dakika 74.

Katika dakika hizo 74 pumzi yake ilikuwa salama kabisa, na hapo ndipo kisa chote kilipo. Apnea ilimwamsha, lakini haikuwa ndiyo iliyomzuia asirudi usingizini. Kilichomzuia ni mazoea ya miaka minne: kutazama saa, kuhesabu saa zilizobaki kabla ya kazi, moyo kuingiwa na hofu ya siku inayokuja. Alikuwa na magonjwa mawili, kila moja likilipa mwenzake nguvu.

Uamuzi wa kwanza

Kuwepo kwa magonjwa haya mawili kwa mtu mmoja si jambo geni. Christian Guilleminault na wenzake waliliandika mwaka 1973. Kinachobaki kuwa kigumu ni kuamua kinachotangulia. Timu iliamua kuanza na mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa na kuizuia njia ya koo isijifunge, tiba iliyoanza kuelezwa na Colin Sullivan na wenzake mwaka 1981. Hoja zilikuwa nzito: oksijeni inashuka hadi 78, shinikizo la damu halikamatiki kwa dawa tatu, na anaendesha gari mwenyewe. Tiba ya kukosa usingizi ingefuata baadaye kama ingehitajika.

Baada ya wiki tatu, kumbukumbu za mashine zilionyesha wastani wa saa 1 na dakika 50 kwa usiku. Lengo la chini linalotumiwa sana ni saa 4, walau kwa asilimia 70 ya usiku zote. Mpangilio ulijirudia: anavaa saa 4 usiku, anavua karibu na saa 6, harudishi. Alizungumza kwa upole wa mtu anayeogopa kuonekana mkaidi: "Nikishalala haina neno, daktari. Lakini nikiamka nayo usoni, ile hewa inanifukuza kitandani. Nikiivua, najilaumu. Nikijilaumu, ndiyo silali kabisa."

Mumewe, aliyekuja naye safari hiyo, aliuliza kama mashine hiyo ni ya wagonjwa mahututi. Alikuwa na hofu hiyo tangu siku ya kwanza na hapakuwa na aliyemketisha akamweleza. Tulimweleza kwa kirefu, na yeye ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya tiba hii.

Kubadili mpangilio

Tuligeuza utaratibu. Barakoa haikuondolewa, ila tuliondoa amri ya kuivaa usiku kucha. Aliivaa jioni akiwa ameketi, akisoma au akisikiliza redio, dakika chache mwanzoni, kisha nusu saa, bila kutakiwa kulala. Barakoa iliyofunika pua na mdomo ilibadilishwa kwa ya puani tu, chombo cha unyevu kikawashwa, na shinikizo likapangwa kuanza chini na kupanda taratibu.

Wakati huohuo tulianza tiba ya kukosa usingizi inayobadili fikra na mazoea, CBT-I, kwa vikao sita. Chuo cha Madaktari cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 kuwa tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa kudumu kwa watu wazima, mbele ya vidonge. Sehemu mbili zilimgusa zaidi. Ya kwanza ni kanuni ya kitanda iliyotokana na kazi ya Richard Bootzin ya mwaka 1972: kitandani ni kulala, ukikesha kiasi cha kuanza kuhangaika, inuka, nenda kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikujia. Saa ya chumbani iligeuzwa ukutani. Ya pili ni kubana muda wa kuwa kitandani, njia ya Arthur Spielman. Kwa kuwa shajara ilionyesha anapata kama saa 5, tulimpa saa 5 na nusu: kuingia kitandani saa 6 na nusu usiku, kutoka saa 12 asubuhi, siku zote, hata za mapumziko.

Alishtuka. Miaka minne aliambiwa alale mapema, leo anaambiwa achelewe. Tulimweleza kwamba saa 9 kitandani kwa usingizi wa saa 5 ni saa 4 za kufundisha mwili kukesha hapo.

Kwa mgonjwa wa apnea hatua hii ina hatari yake, na hatukuipitisha juujuu. Kubana usingizi huongeza kusinzia mchana, na apnea ambayo bado haijatibiwa vizuri huongeza zaidi. Tulikubaliana asiendeshe gari wiki za mwanzo; mwenzake kazini akampakia. Dodoso la Epworth lilirudiwa kila wiki, na hatukuruhusu muda wa kitandani ushuke chini ya saa 5. Lilifika 11 wiki ya pili, likashuka wiki ya nne. Kila wiki aliyolala asilimia 85 au zaidi ya muda wake wa kitandani, aliongezewa dakika 15.

CPAP ya usiku ilirudishwa wiki ya tatu, kwa sharti moja: akiamka na hawezi kulala, anaivua, anainuka kama kanuni inavyotaka, na akirudi kitandani anarudi nayo. Kuivua kukawa sehemu ya utaratibu, na kujilaumu kukapungua. Wiki ya sita kumbukumbu zilionyesha wastani wa saa 4 na dakika 40.

Kidonge kiliachwa cha mwisho. CPAP ilipokuwa imetulia kwa wiki nane, tulianza kukipunguza, si zaidi ya robo ya dozi kwa kila wiki mbili, na polepole zaidi kadiri dozi ilivyokuwa ndogo.

Matokeo baada ya miezi sita

Anatumia CPAP kwa wastani wa saa 5 na dakika 20. Matukio yaliyobaki ni kama 3 kwa saa kwa usomaji wa mashine. Alama za kukosa usingizi zimeshuka kutoka 22 hadi 9. Haja ndogo ya usiku ni mara moja, mara nyingine hakuna. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yameisha. Shinikizo la damu ni 138/86 kwa dawa zilezile tatu, lakini katika miezi hiyo alipunguza chumvi pia, na CPAP kwa kawaida hushusha shinikizo kwa kiasi kidogo tu. Hatuwezi kuipa mashine sifa zote.

Bado kuna usiku anaamka saa 9. Kuna safari anazoiacha mashine nyumbani. Na kidonge hajamaliza: amebaki na robo, aliyojaribu kuiacha mara mbili ikamrudisha kwenye usingizi wa mang'amung'amu. Hatujamsukuma.

Uchambuzi

Kilichochelewesha utambuzi kwa miaka ni kwamba kila dalili ilipewa mwenyewe wake. Kuamka alfajiri kulipelekwa kwenye sonona, haja ndogo kwenye dawa ya kuongeza mkojo, kichwa kwenye shinikizo, na uchovu kwenye umri. Haja ndogo ya usiku inastahili kuangaliwa kwa makini: mtu anapovuta hewa koo likiwa limeziba, msukumo hasi kifuani huutanua moyo, nao hutoa homoni inayoziambia figo zitoe chumvi na maji. Na shinikizo la damu lisilokamatika kwa dawa tatu, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, peke yake lingetosha kumfikisha maabara ya usingizi mapema zaidi.

Jinsia ilichangia. Dodoso kama STOP-Bang linampa mwanamume alama kwa kuwa mwanamume, na alama nyingine kwa shingo nene. Wanawake wengi wenye apnea huja wakilalamikia kukosa usingizi, uchovu na kichwa, na hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma. Bi. Z, mwenye shingo ya sentimita 36 na uzito uliozidi kidogo tu, hakufanana na picha ambayo madaktari wengi wanayo vichwani. Kutosinzia kwake mchana nako kulipotosha. Mgonjwa wa kukosa usingizi mara nyingi yuko macho kupita kiasi hata mchana, na alama ndogo ya Epworth haiondoi apnea.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa mashine ya gharama. Ilikuwa kumwita shahidi, na kuirudia hesabu ya kipimo cha nyumbani badala ya kusoma mstari wa mwisho wa ripoti. Kipimo cha nyumbani ni kizuri kwa mtu anayelala na anayeshukiwa sana kuwa na apnea isiyo na utata. Kwa mgonjwa ambaye lalamiko lake la kwanza ni kukesha, jibu dogo la kifaa hicho lisichukuliwe kuwa limemwondolea apnea.

Uamuzi wa kuanza na CPAP peke yake ulikuwa na sababu nzuri lakini haukumfaa mgonjwa huyu. Barakoa huvumiliwa na aliyelala. Anayekesha akiwa nayo huisikia kila sekunde, na Bi. Z alikuwa anakesha zaidi ya saa moja kila usiku. Kama tiba ya kukesha ingetangulia hata kwa wiki mbili tatu, wiki zile za kujilaumu zingeepukika. Hata hivyo nisingeigeuza kuwa kanuni ya wote. Dereva wa masafa anayesinzia kwenye usukani ana haki ya kupewa CPAP leo, na kwake kubana muda wa usingizi kungekuwa hatari.

Swali moja limebaki wazi. Benzodiazepini hulegeza misuli ya koo na inaweza kuzidisha kuziba, kwa hiyo sehemu ya zile mara 26 kwa saa huenda ilitokana na kidonge alichopewa ili alale. Tumepanga kumpima tena usiku mzima bila mashine, wiki kadhaa baada ya robo ya mwisho kuisha. Kama matukio yatakuwa yameshuka hadi kiwango hafifu, tutazungumza naye kuhusu kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, ambacho ameshasema angekipendelea safarini.